Picha ya Julai

Belgrade, 29 Aprili 2019

Mjomba Desimir mpendwa,

Kristo amefufuka. Natumaini mmekula yai la Pasaka kwa amani, na kwamba mkazamjomba Stamenka amekushinda tena kwenye kugonganisha mayai, lako likapasuka kwanza, maana najua kila mwaka unanuna mpaka jioni. Sisi huku wazima. Kaburi la mama nimelipalilia Ijumaa, nikawasha mshumaa wangu na mwingine wako. Mvua imenyesha wiki nzima na lifti ya jengo letu imekufa. Hiyo nayo sidhani kama itafufuka.

Sasa tuje kwenye yetu. Umenikataza kupiga simu kwa sababu mkazamjomba huiweka kwenye spika na kujibu kabla yako, kwa hiyo naandika. Ukishasoma utajua pa kuificha barua.

Umeshapata dripu ya kwanza ya kingamwili. Daktari Paunović ameniambia uliipokea vizuri, ulitetemeka kidogo kisha ukaanza kumtania nesi. Dawa hii si kama ile ya miaka minne iliyopita iliyokunyonyoa nywele. Kingamwili huzitafuta chembe za limfoma, hii saratani yako ya tezi, hujishika juu yake, na kuuita mwili uje uzimalize. Kuna watu ambao mwili wao unaitika na kuna ambao unakaa kimya, na kwa kukutazama tu hatuwezi kujua wewe ni wa kundi gani. Ndiyo maana tutakupiga picha tena katikati ya matibabu, mwanzoni mwa Julai, kwenye mashine yangu ya PET.

Ulipita humo Machi, lakini ulikuwa na hofu na hukusikia hata nusu ya nililosema, basi narudia. Limfoma ina uchu wa sukari. Tunakuchoma sindano ya sukari iliyotiwa mnururisho kidogo, tunakulaza utulie, na ugonjwa popote ulipo unaila ile sukari na kung'aa kwenye picha. Kisha tunalinganisha madoa na ini lako. Doa likiwa hafifu kuliko ini, tunapumua. Likiwa kali kuliko ini, tunaanza kuongea kwa sauti ya chini. Picha ya Machi iling'aa shingoni, kifuani na kwenye wengu, hiyo unaijua. Ya Julai ndiyo itatuambia kama kingamwili hii itakuvusha, au tubadili dawa mapema kabla ugonjwa haujaota mizizi. Kwa hiyo usile chochote tangu jioni ya kuamkia siku hiyo, maji tu, na siku moja kabla usinyanyue makreti ya rasiberi.

Msalimie mkazamjomba. Yeye bado anajua ni uvimbe wa tezi?

Nakubusu mara tatu,
Nevenka wa dada yako


Gornje Vrelo, 12 Mei

Mpwa wangu Nevenka,

Amefufuka kweli. Kuhusu mayai, Stamenka ana yai la mbao ndani ya aproni, nina hakika, ila sijamkamata bado. Sisi wazima. Ng'ombe wa jirani amezaa mapacha na jirani anatembea kifua mbele, ungedhani kazaa yeye. Asante kwa mshumaa. Dada yangu angekuambia umepalilia vibaya, lakini angefurahi.

Ndiyo, Stamenka anajua ni uvimbe wa tezi, na abaki hapohapo. Kwetu daktari humvuta mke kwenye korido akamnong'oneza, na mgonjwa ndiye wa mwisho kujua kinachomuua. Mimi bahati yangu daktari ni mtoto wa dada yangu, basi korido ikageuka. Moyo wa Stamenka unaujua tangu alipoanguka jikoni. Akilisikia lile neno nitakuwa na wagonjwa wawili nyumbani, na mmoja wao hajui kupika.

Sasa nisikilize na mimi. Rasiberi zetu zimezeeka. Upande wa chini mizizi inaoza, na kila msimu safu mbili tatu zinakauka. Ukitaka shamba liendelee, unazing'oa zote baada ya mavuno ya mwaka huu na kupanda miche mipya Novemba. Mche mpya mwaka wa kwanza haukupi kitu, wa pili unakupa za kuonja, wa tatu ndipo unachuma. Nikiwepo, hiyo ni kazi ya kawaida. Nisipokuwepo, Stamenka ataachwa na nguzo, waya na kupogoa asikokuweza, na hana kitu kingine cha kumlisha. Kama ni hivyo afadhali nisiguse kitu. Atazichuma hizi kuukuu kidogo kidogo mpaka zife zenyewe, kisha atasia majani ya malisho na kumkodishia jirani.

Unasema picha ya Julai inatabiri. Basi itabiri. Habari za madoa usiniletee, mimi si chui. Niambie ning'oe au nising'oe. Mungu hakutupa mtoto, katupa wewe, na wewe umepata mashine kubwa kuliko ghala la baridi la rasiberi kule Arilje. Nataka nivifaidi vyote viwili.

Kula vizuri. Kwenye picha uliyotuma wakati wa Krismasi ulionekana kama umeazimwa hilo koti.

Mjomba wako Desimir


Belgrade, 17 Juni

Mjomba,

Nisamehe kimya cha mwezi mzima. Wenzangu wawili wako likizo na mimi nimekuwa nikilala na kuamka hospitalini. Mavuno yameanzaje? Mkazamjomba kaniambia kwenye simu kwamba rasiberi ni chache lakini tamu, na kwamba unachuma mwenyewe badala ya kukaa kivulini. Nilisikia ukijitetea kwa mbali.

Picha ni Jumanne, tarehe 2 Julai, saa nne asubuhi. Siku hiyo mimi niko Novi Sad kwenye mkutano, mwenzangu atakuchoma sindano na kukupiga picha, kisha nitaisoma mimi nikirudi. Nilimwambia Paunović si vizuri daktari asome picha ya mjomba wake. Akanijibu kwamba wewe umeshamwambia hutaki macho mengine yoyote yaiguse. Ndivyo tulivyo, hata fundi viatu lazima awe wa ukoo.

Kuhusu rasiberi, tusubiri picha.

Usisahau, tumbo tupu.

Nevenka


Belgrade, 5 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, na kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Nimeikalia picha yako tangu jana. Shingo imefifia, kifua kimefifia, wengu umetulia. Hakuna doa hata moja linalolishinda ini. Nilimwita Paunović aje aone, na yule mzee asiyechekaga akanipiga begani. Anasema mwili wako umeitika, kwa hiyo tunaendelea na kingamwili ileile mpaka mwisho wa mwaka. Mkazamjomba alipopiga nilimwambia uvimbe umeshuka. Alilia sikioni mwangu, kisha akaniuliza kama sasa unaruhusiwa kula pilipili.

Nadhani unaweza kuanza kuulizia miche.

Kuna jambo moja dogo tu. Moyo wako na misuli ya mapaja iling'aa mno kwa mtu aliyelala na njaa. Kipimo cha sukari cha kidoleni kilikuwa ndani ya mpaka, na mwenzangu ameandika kwamba ulisema hujala. Ulikula chochote asubuhi ile? Niandikie hata sentensi moja.

Nakukumbatia, kwa leo bila kukupima,
Nevenka


Gornje Vrelo, 11 Agosti

Mpwa wangu,

Hapa nyumbani ni sherehe isiyo na mwisho. Stamenka ametangaza habari bonde zima. Padri amekuja kunywa, jirani wa ng'ombe amekuja kunywa, hata yule binamu tusiyesalimiana naye kwa sababu ya mpaka wa shamba amekuja kunywa, na mpaka haukutajwa. Watu wananiambia nimenenepa. Sijanenepa, nimebadili mkanda.

Rasiberi tumeziondoa. Trekta lilikuja wiki iliyopita na kuvuta safu moja baada ya nyingine, tukachoma mizizi, na sasa shamba ni udongo mtupu mpaka kwenye kijito. Ni ajabu kulitazama. Miche nimeagiza, itafika Oktoba, ya aina ileile, maana Stamenka hataki majaribio.

Uliniuliza habari ya njaa. Mimi njaa naijua tangu utoto, usiwe na wasiwasi juu ya hilo.

Usiku natoka jasho, lakini Agosti nani hatoki jasho.

Mjomba wako Desimir


Belgrade, 19 Agosti

Mjomba Desimir,

Natumaini mko wazima wote wawili. Mimi mzima. Hayo ndiyo ya salamu.

Sikukuuliza kama unaijua njaa. Nilikuuliza kama ulikula. Wewe unapokwepa swali unakuwa kama mama, unaanza kusimulia habari za binamu.

Jana nilimwonyesha mwenzangu mwingine picha yako, nikaficha jina. Aliitazama kidogo tu akasema, "Huyu alikunywa chai na keki saa ngapi?" Nikaenda chooni nikakaa huko mpaka nilipoweza kutoka.

Nakueleza ili unielewe. Mtu akila kitu kitamu, mwili unafungua milango ya misuli ili sukari iingie humo. Sindano yetu ikija baadaye, sukari yetu nayo inaingia kwenye misuli na moyo, na ugonjwa unabaki haujapata kitu. Usipopata kitu haung'ai. Hapo picha inatoka nzuri na mgonjwa yuko vilevile. Kwa hiyo sijui nilichokiona Julai. Huenda kilikuwa kweli, huenda nilisoma tumbo lako badala ya limfoma yako.

Na hilo jasho, shuka zinalowa mpaka unazibadilisha? Umepungua? Mkanda umebadili kwenda tundu gani?

Nijibu haraka, nakuomba.

Nevenka


Gornje Vrelo, 22 Septemba

Mpwa wangu Nevenka,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Hapa pilipili zimechomwa, mitungi imejaa, mikono ya Stamenka ni myekundu mpaka viwiko. Nimechelewa kujibu. Nilianza mara kadhaa nikaishia kwenye pilipili.

Basi liliwahi kufika siku ile ya picha. Unajua Gvozden, aliyetusimamia ndoa, anakaa nyuma ya kituo. Kufika Belgrade usigonge mlango wa msimamizi wako ni kumtukana, na akisikia baadaye ni vibaya zaidi. Nikasema nisalimie tu nisimame mlangoni. Dobrila mkewe akafungua, kumbe alishaniona kutoka dirishani. Sinia mkononi, slatko ya cheri nyeupe zilizopikwa kwa sukari mpaka zikawa nzito kama asali, kwenye bakuli la kioo, kijiko na glasi ya maji.

"Dobrila," nikamwambia, "naenda kwenye kipimo, nimekatazwa kula."

"Kwani nani kakwambia ule? Hiki ni kijiko cha mlangoni."

"Hata kijiko."

"Tangu umeoa hujawahi kurudisha kijiko changu. Leo ndio umekuja kunisusia kwangu?"

Gvozden akapaza sauti kutoka ndani: "Mpe viwili, kakonda huyo."

Nikachukua viwili. Kisha kahawa ikaja, na Dobrila kahawa anaipika na sukari humohumo, hajui nyingine. Nevenka, mimi sikuona kama nimekula. Kula ni kukaa mezani na mkate. Hiyo ilikuwa salamu, na salamu hairudishwi. Yule binti wa sindano aliponiuliza kama nimekula, nilimwambia sijala, na nilikuwa nasema kweli kabisa.

Barua yako ya Julai ilipofika nilielewa. Misuli kung'aa nisingeweza kukueleza, lakini nilielewa kwamba cheri zimeingia mahali pasipofaa. Nilikaa nayo uani nikitafuta namna ya kukuandikia. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi na Stamenka alikuwa anaimba. Sijamsikia akiimba tangu alipoanguka. Nikasema nimwachie kiangazi hiki. Trekta tulikuwa tumeshaliagiza tangu ulipompa Stamenka habari kwenye simu. Lilipokuja alikuwa amesimama kwenye kona ya shamba na kahawa ya dereva mkononi, kajifunga kitambaa kipya. Wewe ungemwambia nini?

Shuka, ndiyo, zinalowa. Anadhani ni dawa. Mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari.

Desimir


Belgrade, 25 Septemba

Mjomba,

Leo sina salamu.

Njoo Jumatatu kwa basi la kwanza. Nimeongea na Paunović na kukuwekea nafasi. Shuka kituoni, panda teksi, uje moja kwa moja hospitalini. Usipite kwa msimamizi, usipite kwa mtu yeyote aliye hai. Mtu akikupa kijiko, mwambie mpwa wako ni mchawi na atamroga.

Nimekukasirikia mpaka nimeumwa kichwa. Kisha nikajigeukia mwenyewe. Angekuwa mgonjwa wa mtu mwingine, kwa moyo ule na mapaja yale, ningemrudisha kwenye mashine wiki ileile. Nilikuachia kwa sababu picha ilisema nilichotaka kusikia. Na ni mimi niliyekuambia uulizie miche.

Njoo tu.

Nevenka


Gornje Vrelo, 27 Oktoba

Mpwa wangu Nevenka,

Natumaini u mzima, na lifti imepona. Sisi tunaendelea. Stamenka anakata kabichi za kuchachusha kwa ajili ya majira ya baridi, pipa zima, wakati mimi sasa hivi kabichi hata harufu yake sistahimili. Ile dripu mpya mliyonipa badala ya ya kwanza inanitapisha. Silalamiki, nakuarifu.

Karibu mwezi sasa tangu unipige picha ya kurudia, na hukuniandikia. Siku ile kwenye korido ulipita na bahasha yangu kifuani, ukaniuliza kama nina tiketi ya kurudi. Tiketi, Nevenka. Nimekubeba mabegani kuvuka kijito, na wewe unaniuliza tiketi huku unatazama viatu. Paunović nilimuuliza, akasema tutaona. Wiki hii nimemuuliza tena, akasema tutaona. Nesi naye anasema tutaona, na yeye hata sikumuuliza. Nililala ndani ya mashine yako, mashine inajua, wewe unajua, na mimi ndiye nisiyejua. Korido imegeuka tena.

Miche imefika. Ipo ghalani, mizizi imefunikwa magunia yenye maji. Inaweza kungoja mpaka ardhi ianze kuganda, haingoji zaidi. Kama nitakuwepo miaka miwili, hata mitatu na kikohozi juu, nipande. Kama sivyo, nitamwambia Stamenka nimebadili mawazo, nimpe jirani miche yote na kusia majani, ili angalau apate kodi na asivunjike mgongo kwa waya na nguzo.

Mwezi wa tano nilikuuliza ukasema tusubiri picha. Picha zimekuwa mbili. Usiniandikie asilimia, mimi sijui kuzila. Nipande au nisipande?

Mjomba wako


Belgrade, 31 Oktoba

Mjomba wangu,

Usipande.

Picha ya Septemba ililishinda ini kila mahali, na kulikuwa na madoa mapya kwenye uti wa mgongo na nyonga. Kingamwili haikuitikiwa hata Julai, sasa ninajua. Hii dripu mpya inapunguza mwendo tu. Nilipeleka jina lako kwa jopo la madaktari wanaoamua nani apewe dawa kubwa, nikasimama mbele yao nikawaomba kama ombaomba. Wakasema Julai wangekubali, sasa mwili hautaistahimili. Sidhani utauona mwezi wa Juni, mjomba.

Nilitazama viatu kwa sababu ningekutazama wewe ningelia, na kulikuwa na wagonjwa wengine kwenye korido wanaosubiri majibu yao. Naogopa sana. Wewe ndiye mtu wa mwisho wa mama niliyebaki naye.

Nitakuja kwenye sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yenu ukinitaka. Ukitaka nikae kimya mbele ya mkazamjomba, nitakaa kimya.

Nevenka


Gornje Vrelo, 24 Novemba

Mpwa wangu Nevenka,

Sikukuu ya Malaika Mikaeli imepita salama. Padri alikata mkate wa nyumba, divai ilitosha, hakuna aliyegombana. Vizuri hukuja. Ungekaa karibu yangu na uso wako huo, na Stamenka hana shida ya macho. Anakusalimu, anasema una kazi nyingi mno na hutaolewa.

Barua yako niliisoma ghalani nimekaa juu ya magunia. Asante. Katika wote wenye makoti meupe ni wewe peke yako uliyenijibu nilichouliza. Nililia kidogo, ghalani hakuna mtu. Kisha nikatoka kwenda kumwambia Stamenka kwamba nimebadili mawazo, mwaka huu hatupandi.

Nikamkuta shambani. Alikuwa ameshanyoosha kamba toka nguzo hadi nguzo, kavaa buti zangu za zamani, koleo limesimama kwenye safu ya kwanza na mashimo kadhaa yameshachimbwa.

"Umechelewa," akasema. "Nimeanza bila wewe."

"Nilikuwa nawaza tungoje mpaka Aprili."

Akaacha kuchimba. "Tungoje nini? Kuna nini mpaka Aprili?"

Alinitazama namna ambayo sijawahi kumwona akinitazama, na ule mkono wake wa kushoto ukapanda kifuani kama siku ile jikoni. Nikaona kwamba neno moja tu zaidi na atajua yote, palepale kwenye udongo, na mimi sina nguvu hata ya kumwinua akianguka.

"Hakuna kitu," nikasema. "Mgongo tu."

"Basi kaa hapo kwenye ndoo, unipe mmoja mmoja."

Tumepanda shamba lote, Nevenka. Yeye alichimba, mimi nilikaa kwenye ndoo na kumpa miche, na kila safu ikiisha alinisogezea ndoo. Nilijua ninachokifanya. Nimemwachia kazi asiyoiweza na miaka miwili bila chochote cha kuuza, kwa sababu sikuweza kusimama mbele yake dakika moja. Sina la kujitetea, na usinitafutie.

Kwenye dripu sitarudi. Nimemwambia Stamenka kwamba mmemaliza na mimi, akafurahi. Utamwambia wewe, wakati wake ukifika. Mshike mkono wa kushoto kwanza ndipo uanze kusema.

Miche itazaa mwaka wa tatu, kuanzia katikati ya Juni. Omba likizo mapema, kabla wenzako hawajajipangia yote, uje umsaidie kuchuma. Rasiberi hazingoji, zikikaa siku mbili juu ya mti zinaoza, na peke yake hatazimaliza.

Mjomba wako,
Desimir